Vidonge vya uzazi bila cheti cha daktari: maswali yenu kutoka Nakuru hadi Busia

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba mwanamke mwenye afya njema hahitaji cheti cha daktari ili aanze vidonge vya kupanga uzazi, na kwamba kemisti anayeijua kazi yake anatosha. Kuna waliotuunga mkono, kuna waliotukaripia, na wengi zaidi waliachana na mjadala wakauliza la kwao. Tumejibu yale yaliyojirudia. Kwenye dawati hili yuko mfamasia na yuko muuguzi wa huduma za uzazi. Pale walipotofautiana tumesema.

SWALI: Dawa ya homoni si peremende. Kama kila msichana atajinunulia kaunta, daktari alisomea nini? Mnataka watu wafe kwa damu kuganda? (Mwalimu mstaafu, Milimani, Kisumu)

JIBU: Mwalimu, tuanze na kile daktari anachofanya mama anapofika kutafuta vidonge. Hamtoi damu. Hampandishi kitandani kumchunguza. Hamrudishi nyumbani mpaka apimwe kansa ya mlango wa kizazi, ingawa kipimo hicho ni kizuri kwa wakati wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika kabla ya kuanza vidonge, na Shirika la Afya Duniani limesema hivyo kwa miaka. Kinachohitajika ni maswali ya afya na kipimo cha presha. Yote mawili yanawezekana kwenye kaunta ya Kondele sawa na kwenye ofisi ya daktari.

Damu kuganda ni hatari ya kweli, hatuifichi. Inatokana na estrojeni, moja ya homoni mbili zilizomo katika vidonge vya kawaida. Kwa kila wanawake 10,000 wasiotumia homoni, kama 2 hupata damu iliyoganda mshipani katika mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vya estrojeni na levonorgestrel, ambayo ni projestini, ile homoni ya pili, ni kati ya 5 na 7. Ujauzito wenyewe hupandisha hatari hiyo kupita hapo. Kwa hiyo dada anayeambiwa "rudi Jumatatu daktari akiwepo" hajalindwa. Ametoka mikono mitupu, na Jumatatu ana zamu.

Wala si jambo la ajabu duniani. Hesabu ya nchi 147 iliyochapishwa mwaka 2013 ilikuta nchi 35 ambako vidonge huuzwa kihalali bila cheti wala maswali, 11 ambako muuzaji lazima amhoji mteja kwanza, 56 ambako sheria inasema hivi na kaunta inafanya vile, na 45 tu ambako cheti kinadaiwa kweli. Uingereza iliruhusu vidonge vya desogestrel viuzwe na wafamasia Julai 2021. Marekani ilikubali Opill tarehe 13 Julai 2023, na ikafika madukani Machi 2024. Tazama lakini: hivyo vyote viwili ni vidonge vya homoni moja, projestini, havina estrojeni. Walianza na kile ambacho hata bila mashine ya presha ni vigumu kumdhuru mtu. Huo ndio uangalifu tunaoutaka hapa.

Na hapa kwetu, tuseme ukweli, vidonge vinauzwa kaunta tangu zamani. Hakuna anayesubiri ruhusa ya safu hii. Tunachobishania ni muuzaji anauliza nini kabla ya kupokea pesa.

SWALI: Nina miaka 29 na watoto wawili, nataka kuanza vidonge. Kemisti wa hapa mtaani hukupa paketi bila neno. Nijuaje kama vinanifaa? (Mama, Kaptembwa, Nakuru)

JIBU: Asipokuuliza, jiulize mwenyewe, na ukijibu ndiyo popote mwambie kabla hujalipa. Umefika miaka 35 na unavuta sigara? Umewahi kuambiwa una presha? Umewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo? Umewahi kuwa na kansa ya titi, au una ugonjwa wa ini? Una kisukari kilichogusa macho, figo au neva? Unakaribia kufanyiwa operesheni kubwa itakayokulaza kitandani? Umejifungua ndani ya wiki 6, au unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6? Unatumia dawa za TB au za kifafa?

Swali la kichwa tunalitenga kwa sababu watu hulijibu vibaya. Kila mtu huumwa kichwa. Kinachotafutwa ni kipandauso kinachotanguliwa na dalili: vimulimuli au mistari inayometameta machoni kwa dakika kadhaa, doa lisiloona, ganzi inayopanda mkono, ulimi kuwa mzito, kisha kichwa ndiyo kinaanza. Mwenye hiyo hapewi estrojeni katika umri wowote, kwa sababu ya kiharusi. Ukimuuliza mteja "unaumwa kichwa?" atasema ndiyo na utamnyima bure. Ukimuuliza "kabla kichwa hakijaanza, macho huona nini?" utapata jibu la kazi.

Dawa za kifafa nazo: carbamazepine, phenytoin na phenobarbital huifanya ini iivunje homoni haraka, kidonge kikabaki jina tu. Lamotrigine ni kinyume chake. Estrojeni ndiyo huipunguza nguvu, na degedege likarudi. Ukiwa kwenye mojawapo, zungumza na kliniki inayokutibu kifafa, usibadilishe kitu peke yako.

Sasa presha. Mashine ya mkononi ya betri inatosha, lakini isipotumiwa vizuri inadanganya. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea wala kushika simu. Nyayo zote chini, miguu isipishane. Usiwe umekunywa kahawa au kupanda ngazi mbio ndani ya nusu saa, na kibofu kiwe kitupu. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta, ukingo wake wa chini uwe vidole 2 juu ya kiwiko, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene, namba hupanda pia, na hili ndilo kosa kubwa katika kemisti nyingi: wana mkanda mmoja kwa watu wote. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati. Chini ya 140 kwa 90, endelea. Ukifika 140 kwa 90 au kuzidi mara zote mbili, usichukue vidonge vya estrojeni; vile vya projestini pekee bado vinakufaa, na presha yenyewe ipelekwe kliniki ikaangaliwe siku nyingine.

La mwisho ni kama tayari una mimba. Huhitaji kipimo ikiwa unaweza kusema ndiyo kwa lolote kati ya haya: hedhi ilianza ndani ya siku 7 zilizopita, hujalala na mwanamume tangu hedhi hiyo, umejifungua ndani ya wiki 4, mimba imetoka ndani ya siku 7, umekuwa ukitumia njia nyingine ya uhakika bila kukosa, au mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu, na hedhi haijarudi. Ndiyo moja inatosha. Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, kinga ni ya papo hapo. Ukianza siku nyingine yoyote, ongeza kondomu siku 7. Na ikitokea ulianza kumbe mimba ilikuwepo, vidonge havimdhuru mtoto. Acha tu kuvimeza.

SWALI: Nafanya kazi pakihausi ya maua Naivasha, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Nasahau. Nikikosa kimoja nimeharibu? Vikiwa vitatu? (Msomaji, Karagita)

JIBU: Kukosa kimoja hujaharibu. Ila kwanza geuza paketi uone una ya aina gani, maana kanuni ni mbili tofauti.

Paketi nyingi za hapa zina vidonge 28: 21 vya homoni, na 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Nyuma pameandikwa ethinylestradiol 0.03 mg, hiyo ndiyo estrojeni, na levonorgestrel 0.15 mg. Katika hii, kidonge ulichokosa kimeze mara unapokumbuka, hata kama ni viwili siku moja, kisha endelea saa yako ya kawaida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema ukikosa 1 au 2 huhitaji la ziada. Kuanzia 3 mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na paketi, na tumia kondomu mpaka umeze vya homoni siku 7 bila kukatiza. Wamarekani ni wakali zaidi, kwao siku 7 za kondomu huanzia vidonge 2. Hapa dawati letu liligawanyika. Mfamasia anafuata 3, kwa sababu ushahidi wa vidonge vya kipimo hiki unamruhusu. Muuguzi anasema mtu aliyekosa 2 kwa kawaida hajui kama hakukosa cha tatu. Kwa mtu wa zamu zinazogeuka, fuata neno la muuguzi: kondomu kuanzia vidonge 2.

Kinachoamua ni mahali pa paketi ulipokosea. Katika zile siku 7 za vidonge vya chuma, mayai yameanza kuamka. Siku 7 hazitoshi kulikomaza yai, lakini 9 au 10 zaweza kutosha. Ndiyo maana kuchelewa kufungua paketi mpya ni hatari kuliko kusahau katikati. Wengi hawalijui hili. Huona "ni siku moja mbili tu, hedhi haijaisha" na kumbe ndizo siku mbaya kuliko zote. Ukikosa 3 katika wiki ya kwanza na umekutana na mwanamume ndani ya siku 5, fikiria kidonge cha dharura. Ukikosa 3 katika wiki ya tatu, maliza vya homoni vilivyobaki, tupa vya kahawia, na ufungue paketi mpya siku inayofuata. Hedhi haitakuja mwezi huo. Usishtuke.

Kama paketi yako ni ya projestini pekee, ya levonorgestrel 0.03 mg, hiyo haina msamaha. Kuchelewa zaidi ya saa 3 ni sawa na kukosa: meza, na kondomu siku 2. Ya desogestrel inavumilia saa 12. Kwa zamu zako, hii ya saa 3 hatukushauri.

Ujanja wa vitendo: usifunge kidonge na "kabla ya kulala", kwa sababu kulala kwako kunahama. Kifunge na saa ambayo u macho katika zamu zote mbili, tuseme saa moja jioni, uweke kengele ya simu. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kwa asiyekosa hata kimoja, kama wanawake 3 kati ya 1,000 hupata mimba kwa mwaka. Kwa matumizi ya kawaida ya watu, pamoja na kusahau kwao, ni 7 kati ya 100. Ukiona kusahau hakukomi, kipandikizi au koili haikudai ukumbuke chochote.

SWALI: P2 kila wikendi ina ubaya gani? Mpenzi wangu hapendi mambo ya kila siku. (Msomaji, Nyalenda, Kisumu)

JIBU: Haitakuua na haitakufunga kizazi. Ubaya wake ni kwamba ni njia dhaifu kwa kazi unayoipa. P2, yaani kidonge cha dharura, ni levonorgestrel 1.5 mg kwa mkupuo. Ni homoni ya vidonge 10 vya paketi ya kawaida, imemezwa mara moja. Inafanya kazi moja, kuchelewesha yai lisitoke. Yai likiwa tayari limeanza safari, haifanyi kitu. Na ikiwa mimba imeshika, haiitoi. Tena haikulindi mbele: ukikutana naye Ijumaa ukameza Jumamosi asubuhi, Jumamosi usiku uko wazi, na huenda yai lililocheleweshwa ndilo linatoka sasa. Wengi wanaosema "P2 ilinikataa" walinaswa hapo. Hedhi nayo itavurugika mpaka usijue ni mimba au ni dawa.

Ukiihitaji kweli, imeze haraka. Paketi husema ndani ya saa 72, Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi siku 5, na kila saa inayopita inapunguza. Paketi yenye vidonge 2 vya 0.75 mg, vimeze vyote pamoja. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Kwa mwenye mwili mkubwa inapungua nguvu, na mtu huyo bora afikirie koili ya shaba: ikiwekwa ndani ya siku 5 hakuna njia ya dharura inayoishinda, na anabaki nayo miaka. Wiki 3 zikipita bila hedhi, pima mimba.

Siku hiyohiyo unayomeza P2 unaweza kuanza paketi ya kila siku, na kondomu siku 7. Mwambie kemisti akupe vyote viwili pamoja. Na huyo mpenzi asiyependa mambo ya kila siku, kondomu si ya kila siku, na kati ya hizi zote ndiyo pekee inayozuia virusi vya ukimwi.

SWALI: Mke wangu anatumia ARV, na sasa ameanzishiwa dawa za TB. Vidonge vyake vya uzazi viendelee? (Bwana, Homa Bay)

JIBU: Bwana, ARV pengine hazina shida, za TB zina shida kubwa. Kama yuko kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, kama walivyo wengi sasa, homoni haziguswi. Efavirenz ya zamani ilikuwa ikizipunguza. Lakini rifampicin iliyo katika dawa za TB huivunja homoni ya vidonge, vya aina zote mbili, kiasi kwamba havitegemewi kwa miezi yote 6 ya matibabu na wiki 4 baada ya kumaliza. Hata dawa ya kukinga TB, 3HP ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12, ina ndugu yake rifapentine, yenye tabia hiyohiyo.

Achague sindano ya miezi 3, ambayo rifampicin haiiathiri, au koili ya shaba. Kondomu iendelee mpaka hapo. Dawa za TB zisikatizwe hata siku moja kwa sababu ya hili. Kliniki ya TB na ya kupanga uzazi mara nyingi ziko milango miwili tofauti katika hospitali moja, na huku hawaulizi ya kule. Mtaje ninyi wenyewe.

Wengine wameuliza kuhusu amoxicillin na dawa nyingine za kuua bakteria: hazina neno, isipokuwa zikikuharisha au kukutapisha.

SWALI: Hapa Busia kuna kidonge cha mwezi, unameza kimoja tu. Rafiki zangu wanakisifu. (Msomaji, Busia)

JIBU: Kiache. Hicho kinachoitwa Sophia hakijasajiliwa Kenya, na Bodi ya Famasia na Sumu imeuonya umma dhidi yake zaidi ya mara moja. Ndani yake zimekutwa levonorgestrel nyingi kupita kiasi na quinestrol, estrojeni inayojificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka pole pole. Ndiyo sababu kimoja "hufanya kazi" mwezi mzima, na ndiyo sababu kikikudhuru hakuna namna ya kukitoa. Yale maswali yote ya presha na damu kuganda tuliyomjibu mama wa Kaptembwa, hapa yana uzito zaidi, na muuzaji wa mkobani hana hata mkanda. Kwa anayenyonyesha homoni hiyo humfikia mtoto. Ukiona matiti ya mtoto yamevimba, mpeleke hospitali na useme wazi ulichomeza.

Uliyekwisha kukimeza: usiongeze kingine, tumia kondomu, pima mimba hedhi ikichelewa, na uanze njia iliyosajiliwa kupitia kliniki. Hedhi inaweza kuyumba kwa miezi.

SWALI: Nina mtoto wa miezi miwili, ananyonya. Nichukue vidonge gani? Na dada yangu ana selimundu, je? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Wewe, vya projestini pekee. Vile vya estrojeni hungoja mtoto afike miezi 6, kwa kuwa vinaweza kupunguza maziwa. Paketi ya levonorgestrel 0.03 mg ina vidonge 35 na vyote ni vya homoni; usisubiri hedhi wala usiache siku katikati, ukimaliza fungua nyingine. Kama mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, na hedhi haijarudi, tayari una kinga nzuri mpaka miezi 6. Mtoto akionjeshwa uji, kinga hiyo imeanza kuvuja.

Dada yako: Shirika la Afya Duniani halimkatazi estrojeni moja kwa moja, lakini selimundu yenyewe huelekeza damu kuganda, kwa hiyo sisi wote wawili tungempa projestini. Sindano ya miezi 3 ina faida ya ziada kwake, kuna ushahidi kwamba hupunguza vipindi vya maumivu. Hili aliamue na kliniki yake, si kaunta.

SWALI: Ni kweli vidonge hujikusanya tumboni? Na kemisti anaweza kudai kibali cha mume? (Wasomaji kadhaa, Molo na Kisii)

JIBU: Havijikusanyi, huyeyuka kama chakula na ini huvimaliza. Ndiyo maana ukisahau siku chache kinga inaisha, na ukiacha unaweza kushika mimba mwezi huohuo. Kinachochelewesha ni sindano, kwa wastani miezi 4 zaidi ya njia nyingine. Kibali cha mume hakidaiwi na sheria yoyote ya Kenya kwa mtu mzima. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, za uzazi zikiwemo. Anayekudai kibali, mwachie paketi yake uende kituo cha afya cha serikali, ambako vidonge ni bure vikiwepo. Vikikosekana, hapo ndipo kaunta inapookoa.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa kemisti Njoro, nina diploma ya famasia. Mwenye duka anataka tuuze haraka. Nifanyeje kazi hii vizuri bila foleni kufika barabarani? (Msomaji, Njoro)

JIBU: Ndugu, barua yako ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote. Leseni ya duka na ya mhusika ziwe ukutani, za mwaka huu, mteja azione. Maswali tuliyoyataja hapo juu yachape karatasi moja, Kiswahili upande mmoja na lugha ya mtaa wako upande wa pili, uipake nailoni. Mteja anayesoma aipitie mwenyewe akiwa amekaa zile dakika 5 za kungoja presha. Kwa njia hiyo dakika zinafanya kazi mbili na foleni haiongezeki. Asiyesoma, muulize kwa sauti ya chini, kwenye pembe, wala si mbele ya mtu anayenunua Panadol. Mkanda mkubwa wa presha ni gharama ndogo. Mwambie mwenye duka kwamba mteja aliyepimwa hurudi.

Mpe anayeanza paketi 3 na umwambie arudi zikikaribia kuisha, upime presha tena. Akiwa sawa, unaweza kumpa hata za mwaka mzima, ambazo ni paketi 13 za siku 28. Tukimpa moja moja, mwisho wa mwezi pesa hazipo na ile nafasi ya siku 7 inageuka 12. Daftari liwe na tarehe, umri, presha, aina ya paketi na namba ya bechi. Jina si lazima.

Kabla hajaondoka mwambie mambo mawili. Kwanza, miezi 3 ya mwanzo anaweza kupata kichefuchefu na matone ya damu katikati ya mwezi. Si ugonjwa, wala si sababu ya kuacha. Kichefuchefu hupungua akimeza na chakula cha jioni. Wengi huacha kwa sababu hakuna aliyewaambia. Pili, mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma, kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, kichwa kikali kisichowahi kutokea, macho yakififia, au maumivu makali ya tumbo juu, aache vidonge siku hiyo na aende hospitali, si kwako.

Anayekwama kwenye swali lolote usimfukuze. Kama tatizo ni estrojeni tu, una paketi ya projestini nyuma yako. Kama ni zaidi, mwandikie jina la kituo, siku ya kliniki na namba ya presha uliyoipata. "Nenda hospitali" bila karatasi, wengi hawaendi. Sindano usidunge mpaka uwe umefunzwa na umepewa idhini ya kazi hiyo.

Dawa zenyewe zikae chini ya nyuzi 30. Njoro hilo ni rahisi. Wenzako wa Kisumu na Ahero wasiziweke rafu ya juu chini ya mabati wala dirishani. Zinazokaribia kuharibika zitangulie mbele. Karatasi ya fedha ikiwa imepasuka au kidonge kimebadilika rangi, paketi nzima irudi kwa msambazaji, hata kama tarehe bado.